Gari likijikokota, usikimbilie injini

HEBU fikiria ni Jumamosi asubuhi. Umewapakia watoto garini, chakula kimefungwa vizuri, na safari mliyoipanga tangu mwezi uliopita imefika. Mnatoka mtaani salama. Lakini mnapoingia barabara kuu unahisi gari si lile la juzi. Unakanyaga mafuta, injini inanguruma, ila gari linajikokota kama fahali aliyefungwa plau. Ukiinua mguu kidogo tu, mwendo unakufa.

Utafanya nini?

Wengi wetu tutajiambia kwamba ni mlima, au ni mzigo, au ni petroli mbaya. Kisha Jumatatu tutapita kwa makanika na kumwambia maneno matatu: "Gari halina nguvu."

Maneno hayo matatu, msomaji, yalinigharimu Sh14,000 na nusura yanigharimu familia.

Ilikuwa likizo ya Agosti 2023. Gari letu ni dogo, la injini ya lita moja na nusu, la gia za mkono, ambalo lilitumika Japani kabla ya kuletwa hapa, kama yalivyo mengi yanayobanana katika barabara za Nairobi. Kwa wiki mbili nilikuwa nimeliona zito. Nikalipeleka katika gereji moja mjini na kuyasema maneno yale matatu.

Makanika hakuniuliza swali. Alifungua boneti, akabadilisha plagi zote nne, akaweka chujio jipya la hewa, akasafisha njia ya hewa inayoingia kwenye injini, kisha akaniandikia bili ya Sh14,000. Nililipa. Injini ilinguruma vizuri, nami nikaamini gari limepona.

Jumamosi iliyofuata tulishika njia ya Naivasha, mimi, mke wangu na watoto wetu wawili. Kutoka Kangemi hadi Rironi barabara inapanda, kwa hivyo nilipoona gari linajikokota tena niliulaumu mlima. Tulipokaribia Limuru, binti yetu wa miaka tisa alisema, "Baba, kuna kitu kinaungua."

Nikamwambia ni malori.

Hayakuwa malori. Tulianza kuteremka Bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu, kwenye barabara ile iliyojengwa na wafungwa wa kivita Waitaliano, ambao kanisa lao dogo la 1942 lingali huko chini kando ya njia. Katika kona ya pili nilikanyaga breki, nikakuta kanyagio limekuwa laini kama sponji. Lilizama karibu na sakafu kabla gari halijaanza kupunguza mwendo. Mbele yetu trela lilikuwa likitambaa.

Nilikanyaga mara ya pili, mara ya tatu, mara ya nne. Kanyagio lilirudi kidogo. Nikashusha gia hadi ya pili, kisha ya kwanza, injini ikalia kama inayochinjwa, na Mola akatujalia sehemu pana kando ya barabara. Tuliposimama hakuna aliyesema neno. Gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa likifuka moshi mwembamba.

Dereva wa matatu aliyesimama kutusaidia alipiga simu Mai Mahiu. Baada ya saa moja hivi akafika mzee mmoja kwa pikipiki, mkoba wa spana begani. Nilipomsimulia kwamba gari halina nguvu na tayari nimeweka plagi mpya, hakugusa boneti. Aliinama, akanusa. Kisha akalizunguka gari lote, akipeleka mgongo wa mkono wake karibu na kila gurudumu bila kuligusa.

"Nani alikuambia gari halina nguvu?" akaniuliza.

"Makanika wangu wa mjini, mzee."

"Na yeye aliambiwa na nani?"

Nikanyamaza. Ni mimi niliyemwambia.

"Basi, baba," akasema huku akitoa jeki, "gari hili lina nguvu kutushinda sote. Limepanda kutoka Nairobi breki moja ikiwa imelishika. Punda huyu si mgonjwa. Amefungwa mguu."

Mgonjwa au amefungwa?

Maneno ya mzee yule yafaa kuandikwa ndani ya mlango wa kila gari. Gari linalojikokota laweza kuwa na moja kati ya shida tatu, na kila moja ina tiba yake.

Kwanza, laweza kuwa limeshikwa. Injini ni nzima, lakini kuna kitu kinachozuia magurudumu yasizunguke kwa uhuru. Hapa washukiwa ni breki, matairi na beringi.

Pili, laweza kuwa limedhoofika. Magurudumu yako huru, lakini injini haipati hewa, mafuta au moto wa kutosha, ama moshi wake hautoki vizuri.

Tatu, nguvu zaweza kuwa zinapotea njiani. Injini inafanya kazi yake, lakini nguvu hazifiki kwenye magurudumu kwa sababu ya klachi au giaboksi.

Ukimpelekea makanika gari bila kujua liko katika kundi gani, unamlazimisha kubahatisha. Na anayelipia kubahatisha huko ni wewe. Habari njema ni kwamba unaweza kuyatenganisha makundi haya mwenyewe bila kushika spana.

Majaribio manne ya bure

La kwanza ni la kusukuma. Tafuta mahali tambarare penye saruji au lami, kama uwanja wa kuegesha magari. Mtu mzima anayejua kuendesha aketi kwenye usukani, mguu ukiwa tayari karibu na breki. Weka gia huru, ile madereva wanayoiita nyutro, na uachilie breki ya mkono. Sasa sukuma. Gari dogo lenye afya husogezwa na mtu mmoja bila kutoa jasho jingi. Likigoma kana kwamba lina jiwe chini ya gurudumu, limeshikwa.

Fanya jaribio hili mara mbili: asubuhi gari likiwa limepoa, na tena baada ya kuliendesha kwa nusu saa. Breki nyingine hushika zikipata joto tu, na ndiyo sababu gari hukutesa njiani kisha likawa la heshima linapofika gereji.

La pili ni la kuliacha litambae. Katika barabara tambarare isiyo na magari, endesha kwa kilomita 40 kwa saa, inua mguu na uweke gia huru. Usizime injini hata kidogo, kwa sababu usukani utakuwa mzito na breki zitapoteza msaada wake. Gari zima litaendelea kwa ulaini na kupunguza mwendo polepole. Lililoshikwa litapunguza mwendo kama kwamba kuna mtu anayekanyaga breki kisirisiri. Likivuta upande mmoja, mara nyingi huo ndio upande wenye gurudumu lililoshikwa.

La tatu ni la joto. Endesha kwa dakika 15 ukitumia breki kidogo iwezekanavyo, kisha simama. Peleka mgongo wa mkono karibu na kila rimu bila kuigusa, kwani rimu iliyopata moto yaweza kukuunguza vibaya. Magurudumu ya mbele kwa kawaida huwa na joto kuliko ya nyuma kwa kuwa breki za mbele hufanya kazi kubwa zaidi. Kwa hivyo linganisha la kushoto na la kulia, mbele kwa mbele na nyuma kwa nyuma. Moja likiwa na joto kali kuliko mwenzake, umempata mhalifu. Nusa pia. Pedi za breki zilizoungua hutoa harufu kali ambayo, ukiinusa mara moja, hutaisahau.

La nne ni la kusikiliza. Gari likiwa zito, je, injini inalia juu bila mwendo kuongezeka? Hapo shuku klachi au giaboksi. Je, injini yenyewe inakohoa, inatetemeka au inakataa kupanda sauti? Hapo shuku injini. Je, injini iko laini lakini ni kama imebeba mzigo usioonekana? Rudi kwenye magurudumu.

Breki zinazoshika

Tuanze na breki, kwa sababu ndizo ziletazo hatari kubwa.

Kosa jepesi kuliko yote ni kuisahau breki ya mkono, au kuishusha nusu tu. Usicheke, hata madereva wa miaka mingi huanguka hapo. Taa nyekundu ya breki ikiwaka kwenye dashibodi, iangalie kabla ya kuondoka. Wakati mwingine mpini unashuka lakini waya wake umeingia kutu na haurudi. Hilo huonekana sana kwa magari yaliyoegeshwa wiki nyingi, hasa msimu wa mvua na huko Pwani kwenye hewa ya chumvi.

Kwa magurudumu ya mbele yenye diski, kuna kifaa kiitwacho kalipa, ambacho ndani yake mna pistoni inayosukuma pedi zibane diski. Pistoni ikishika kutu, au pini ambazo kalipa huteleza juu yake zikikauka, pedi hazirudi. Dalili ni pedi moja kuisha haraka kuliko mwenzake. Tiba ni kusafisha pini na kuzipaka grisi maalumu inayostahimili joto, au kubadilisha mipira ya pistoni, au kalipa yenyewe ikiwa imeharibika.

Magari mengi madogo yana breki za dramu nyuma. Hapo springi zikilegea, au fundi akizikaza breki kupita kiasi alipozirekebisha, gari litaburuta. Ikiwa uzito ulianza siku chache tu baada ya kazi ya breki, usitafute mbali.

Na sasa turudi kwa gari letu. Mzee wa Mai Mahiu alizuia magurudumu kwa mawe, akaliinua lile la kushoto kwa jeki na kujaribu kulizungusha. Halikusogea. Kisha akafungua kidogo skrubu ndogo ya kutolea hewa iliyo nyuma ya kalipa. Mafuta ya breki yaliruka kama maji ya bomba, na papo hapo gurudumu likazunguka kwa kidole.

"Umeona?" akasema. "Kalipa si mbaya. Mafuta ndiyo yaliyokwama."

Kilichoyakwamisha ni mpira mfupi unaopeleka mafuta kwenye kalipa. Kwa nje ulikuwa mzima kabisa, lakini ndani ulikuwa umevimba kwa uzee. Ukikanyaga breki, mguu wako unasukuma mafuta kwa nguvu nyingi na yanapita. Ukiinua mguu, mafuta yanatakiwa kurudi yenyewe, na nguvu ya kuyarudisha ni ndogo. Njia ikiwa imezibana, yanabaki kule kule na pedi zinaendelea kubana diski kilomita baada ya kilomita.

Jaribio hilo la skrubu ni la fundi, wala si la kufanyia kwenye maegesho ya nyumbani, kwani hewa ikiingia kwenye mfumo utakosa breki. Lakini ni vyema ulijue ili uweze kuuliza kama limefanywa. Skrubu ikifunguliwa na gurudumu likawa huru, shida ni mafuta kukwama, na fundi aangalie mpira au masta silinda. Ikifunguliwa na gurudumu bado limeshikwa, shida ni kutu au ukavu kwenye kalipa yenyewe. Na ikiwa ni magurudumu yote yaliyoshikwa kwa pamoja, macho yaelekee kwenye masta silinda na kanyagio.

Kwa nini kanyagio lilizama

Huenda unajiuliza jinsi breki iliyoshika sana iligeuka kuwa breki isiyoshika. Jibu ni joto.

Mafuta ya breki yaliyoandikwa DOT 3 hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi yakiwa mapya, na ya DOT 4 chini ya nyuzi 230. Lakini mafuta haya hunyonya unyevu kutoka hewani. Yakishazeeka na kuingia maji, kiwango hicho chaweza kushuka hadi nyuzi 140 kwa DOT 3 na 155 kwa DOT 4. Pedi inayosugua diski kutoka Nairobi hadi Limuru inaweza kuufikia moto huo.

Mafuta yakichemka hutoa mvuke. Mafuta hayabanwi, na ndiyo maana yanaweza kupeleka nguvu ya mguu wako hadi kwenye gurudumu. Mvuke hubanwa. Kwa hivyo unakanyaga na kukanyaga, na unachobana ni mapovu.

Ndiyo sababu mafundi wengi hushauri mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, hata kama gari halina tatizo. Na tafadhali, usikubali mtu yeyote akuongezee mafuta ya injini au ya usukani kwenye kikombe cha breki. Mafuta hayo huvimbisha mipira yote ya mfumo, na breki zitaanza kushika moja baada ya nyingine.

Matairi na beringi

Ikiwa breki hazina hatia, tazama matairi. Tairi lenye upepo mdogo hulala barabarani na kulemaza gari zima, huku likila petroli. Vipimo vinavyofaa vimeandikwa kwenye kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva. Kwa magari mengi madogo huwa kati ya 30 na 35. Pima asubuhi matairi yakiwa baridi, si baada ya kutoka safarini.

Beringi iliyochakaa hunguruma kama ndege ya mbali, na sauti hupanda kadiri mwendo unavyoongezeka. Magurudumu yasiyopangwa sawa nayo huburuta badala ya kubingirika. Utayajua kwa matairi yanayolika upande mmoja. Shimo moja lenye kina kirefu kwenye barabara zetu latosha kuyapindisha.

Ikiwa ni injini kweli

Injini ya petroli huhitaji hewa, mafuta na moto, kisha njia ya kutolea moshi. Kosa lolote kati ya hayo manne lina dalili zake.

Chujio la hewa lililojaa vumbi huinyima injini pumzi. Ukiishi au ukisafiri kwenye barabara za murram, lichunguze mara nyingi kuliko kitabu kinavyosema. Chujio la mafuta lililoziba, au pampu ya mafuta iliyochoka, huonekana zaidi mlimani: gari huenda vizuri mjini, kisha hukata nguvu unapohitaji mafuta mengi. Plagi au koili mbovu hulifanya gari litetemeke hata likiwa limesimama.

Bomba la moshi nalo husahauliwa. Kile kifaa cha kusafisha moshi kilicho chini ya gari kikiziba, injini hushindwa kutoa pumzi. Gari huondoka vizuri, halafu kadiri unavyoongeza mwendo ndivyo linavyokosa nguvu.

Taa ya injini ikiwaka, mashine ya kusoma hitilafu yaweza kuonyesha pa kuanzia. Lakini kumbuka kwamba mashine hiyo haikuambii kitu kuhusu mpira wa breki uliovimba. Dashibodi yetu haikuwasha taa hata moja siku ile.

Kuhusu mafuta mabaya, lawama hiyo haikuwa ya uongo kila mara. Uchanganyaji wa mafuta taa kwenye dizeli ulikuwa umezidi kiasi kwamba mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuukomesha. Hata hivyo, mafuta mabaya huisumbua injini. Hayachomi gurudumu moja.

Na usisahau kwamba nchi yetu ina milima. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban sehemu moja kati ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na Timboroa zaidi ya mita 2,700. Gari lililozoea Mombasa litaonekana mvivu Timboroa bila ya kuwa na ugonjwa wowote. Tofauti ni kwamba uvivu wa milima huisha ukishuka. Wa breki hukufuata.

Nguvu zikipotea njiani

Kwa gari la gia za mkono, klachi iliyoisha hujitambulisha upesi. Ukiwa kwenye gia ya nne kwa kilomita 50 kwa saa, kanyaga mafuta kwa nguvu. Injini ikipanda sauti huku mwendo ukibaki pale pale, klachi inateleza.

Kwa gari la otomatiki, kabla ya kwenda popote tazama kama kuna maandishi ya O/D OFF yanayowaka kwenye dashibodi. Kitufe hicho kilicho kwenye mpini wa gia hubonyezwa kwa bahati mbaya, hasa na watoto. Kikibonyezwa, gari halifiki gia ya juu kabisa, na kwenye barabara kuu injini hulia huku gari likionekana kama limezuiwa. Watu wamefunguliwa magiaboksi kwa sababu ya kitufe hicho. Kama si hicho, mafuta ya giaboksi yakaguliwe, na aina yake iwe ile iliyotajwa na mtengenezaji wala si yoyote iliyopo dukani.

Zungumza na makanika kama mgonjwa na daktari

Mgonjwa mwerevu haendi hospitalini kumwambia daktari, "Nipe dawa ya malaria." Humweleza anavyohisi: kichwa kinauma, baridi inanishika usiku. Nawe mweleze makanika unavyohisi, wala usimpe jina la ugonjwa.

Mwambie: "Likipoa ni jepesi, likienda nusu saa linakuwa zito. Linavuta kushoto. Gurudumu la mbele la kushoto lina joto kuliko la kulia. Injini haitetemeki." Makanika mwaminifu atafurahi. Asiye mwaminifu atajua kwamba wewe si wa kuuziwa plagi.

Mwombe aliendeshe gari nawe ukiwa ndani kabla ya kugusa chochote. Mwombe abadilishe kitu kimoja, mjaribu, ndipo aendelee na kingine. Mwombe vipuri vya zamani uvione. Na vifaa vya breki vibadilishwe kwa jozi, kushoto na kulia, ili gari lisivute upande mmoja.

Mzee wa Mai Mahiu aliagiza mipira miwili na pedi kutoka Naivasha, akakagua diski kama imepasuka, akaweka mafuta mapya na kutoa hewa. Vifaa na kazi vilifika Sh6,800, chini ya nusu ya pesa nilizolipia kosa mjini. Tuliendelea na safari jioni, na gari likateremka likiwa jepesi kama baiskeli.

Ikikupata barabarani

Ukinusa harufu ya kuungua au ukiona gari linazidi kuwa zito, simama mahali salama ungali na breki. Usisubiri ufike mteremkoni. Washa taa za hatari, weka pembetatu nyuma, na abiria watoke wakae mbali na barabara.

Usimwagie gurudumu maji baridi, kwani diski yenye moto yaweza kupinda au kupasuka. Liache lipoe lenyewe. Ukiona moto, tumia kizima-moto.

Kanyagio likizama ukiwa kwenye mteremko, likanyage na kuliachilia kwa haraka mara kadhaa, shusha gia moja baada ya nyingine, na uvute breki ya mkono polepole huku ukitafuta pa kuegemea. Usizime injini. Na hata kanyagio likirudi baada ya kupoa, usidanganyike kwamba gari limepona.

Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Leo jioni, kabla ya shule na kazi za Jumatatu, chukua dakika kumi ulisukume gari lako, uyazunguke magurudumu yake na unuse. Waite watoto wakusaidie. Pua zao ni kali kuliko zako.

Na siku mtoto akikuambia kuna kitu kinaungua, usimwambie ni malori. Simama.